Gari la Zahanati Lililokuwa Likiwaka Gereji Tu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai la dizeli na rundo la vyuma, nikaambiwa nioshe. Sikuambiwa chuma kipi ni cha nini. Gereji ilikuwa Chanji, pale mjini kwetu, na mwenye gereji tulimwita Fundi Mkuu, mtu mfupi wa kutoka Mbeya. Ilikuwa Juni, mnaijua Juni ya Ufipa. Vidole vilikufa ganzi kabla ya saa nne. Jioni Fundi Mkuu akapita, akainama, akatazama.

"Mama, umeosha vizuri sana," akasema. "Ila umechanganya injini mbili."

Sikujua nimesifiwa au nimegombezwa. Kesho yake nikarudi.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza ufundi sasa, mnaochomeka kompyuta kwenye gari nayo inawaambia linaumwa wapi. Sina ugomvi na kompyuta. Mimi niliishia darasa la nne. Tulikuwa na masikio, pua, na taa ya majaribio, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili. Ukigusisha ikawaka, umeme upo. Isipowaka, haupo. Tatizo ni pale inapowaka na gari bado halitaki.

Kutoka kwenye kuosha vyuma nilipelekwa Chala, kwenye gereji yetu ndogo ya matrekta na mashine za kusaga. Msimamizi wa Chala hakupenda mwanamke ashike spana. Akanipa kazi ya betri, maana asidi yake inatoboa nguo na wanaume waliikwepa. Magauni yangu yakawa chekecheke. Lakini anayekaa na betri mwishowe huanza kufuata nyaya zinakwenda wapi, na niliporudi Chanji nilikuwa fundi umeme. Wateja waliuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawaambia ndiye huyu, wanabaki wameduwaa.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa la zahanati ya masista ya hapo mjini, la dizeli, la kupandisha wagonjwa kutoka Kaoze kule bondeni hadi mjini. Dereva wake aliitwa Baba Deo, Mfipa mpole, mwenye watoto wengi na shamba la ulezi lisilowatosha. Gari lilikuwa likigoma kuwaka. Siyo kila siku. Lingekuwa kila siku ningelala usingizi.

Sista Mkuu wa zahanati alikuja mwenyewe gereji. "Siku ya mgonjwa linagoma, siku ya sokoni linawaka," alisema. "Gari gani hilo linalochagua safari? Mkilirudisha tena mkasema halina kitu, Baba Deo atafute kazi nyingine."

Baba Deo alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi.

Nikapima betri, nzima. Nikasugua vichwa vyake, nikakaza. Nikafungua stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, nikakagua kaboni zake, zile zinazolika kwa kusuguana, zilikuwa bado nene. Swichi ya ufunguo nikaibadilisha, basi tu, kwa kukosa la kufanya. Asubuhi nikipiga stata, gari linaitika. Mchana linaitika. Nililiacha usiku kucha na baridi yote ile, alfajiri likawaka kama limeitwa jina.

"Gari halina ugonjwa," akasema Fundi Mkuu. "Mgonjwa ni dereva."

"Mzee, mimi nimechanganyikiwa."

"Sasa kuchanganyikiwa nitakuandikaje kwenye risiti?"

Akataka nimwambie Sista tumekagua, hatukuona kitu. Ilikuwa kweli. Lakini niliona nikilisema hilo, nimemfukuza mtu kazi kwa mdomo wangu, na hata sijui kama ni mwongo.

Baba Deo alipokuja kuchukua gari nikamkalisha kwenye tairi.

"Linagoma wakati gani? Kwenye baridi?"

"Huku linagoma kwenye baridi. Kaoze linagoma kwenye joto."

"Likiwa limetoka safari, au likiwa limelala?"

"Yote mawili, Mama."

Kila alichojibu kilivuruga nilichokuwa nimeanza kukijenga. Nikakasirika. "Na likigoma unafanyaje, unapiga rozari?"

"Naliachia tu. Linateremka, natia gia, linawaka."

"Mteremko unautoa wapi kila mahali?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini anavaa viatu. "Mama, mimi nipaki tambarare? Nina wazimu?"

Hapo nikatazama chini, sakafuni. Kwetu hakuna dereva wa zamani anayepaki tambarare. Betri zilikuwa mbovu, asubuhi ni barafu, kwa hiyo gari linaachwa juu ya mteremko, pua imetazama chini, ili likigoma uliachie. Hata mimi ningepaki hivyo. Ndiyo maana sikuwahi kuuliza. Na sakafu ya gereji yetu ilikuwa ya saruji, imenyooka kama meza.

"Twende zahanati," nikamwambia. "Upaki kama siku zote."

Fundi Mkuu akapanda nyuma, ananung'unika. Kwenye uwanja wa zahanati Baba Deo akaelekeza pua chini, akakaza breki ya mkono, akazima. Sista Mkuu akatoka mlangoni. Ufunguo ukazungushwa. *Tak.* Taa zinawaka, honi inalia, stata inasema *tak* na kunyamaza.

"Mmelisikia?" Baba Deo akapiga kelele. "Sista, umelisikia? Linagoma! Linagoma kabisa!"

Sijawahi kuona mtu akishangilia gari kugoma namna ile.

Nikafungua boneti, gari likiwa limeinama vile vile. Injini hukalia mipira, tunaiita maunti. Mmoja ulikuwa umechanika, kwa hiyo gari likiinama, injini nayo inaegemea mbele na kuvuta waya wa eathi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini. Ndani ya ganda lake waya ulikuwa umekatika karibu wote. Tambarare ncha zinagusana. Mteremko ukiwa mkali zinaachana; ukiwa mdogo, siku nyingine bado zinagusana. Nikaunga waya mwingine kutoka betri hadi kwenye injini, Baba Deo akapiga stata, likawaka.

"Kwa hiyo ni waya?" akauliza Sista Mkuu.

"Ni waya, na mpira, na mteremko."

"Na Baba Deo?"

"Baba Deo alikuwa anapaki tu."

Sista akamgeukia dereva wake. Kisha akasema, "Baba Deo, nenda jikoni ukale." Mpaka leo sijui kama huko ndiko kuomba radhi. Baba Deo alikula, na kazi aliendelea nayo mpaka akastaafu.

Nilibadilisha waya na maunti, nikamwambia sasa paki popote. Wiki iliyofuata nikamkuta sokoni, gari limeinama vile vile. "Linawaka, Mama," akasema, "ila likiwa tambarare moyo haukai."

Mimi nami nimestaafu, macho hayaoni tena waya mwembamba. Nikiwa na neno kwenu ni hili: kabla hamjafungua gari, muulizeni dereva wake analilaza vipi. Zaidi ya hapo sijui, na ninayoyaona hayanisaidii. Jana mjukuu wangu mwalimu alikuja kunipa shikamoo na gari lake la otomatiki, aina ambayo hata ukilisukuma hadi Mpanda haliwaki. Nikachungulia dirishani. Amelipaki juu ya mteremko, pua chini.

"Wewe, kwa nini umepaki hivyo?"

Akageuka akalitazama gari lake, kama ndiyo kwanza analiona.

"Hata sijui, Bibi," akasema.