Risasi Iliyogoma Kuingia

Bunduki ya kijiji chetu ilikuwa kuukuu ya jeshi, ya vita vya watu wengine huko, ikaja ikabadilishwa ili itumie risasi nene za kuwindia. Mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza. Tulikuwa askari wawili wa wanyamapori wa kijiji huku delta: mwenzangu, mkulima mtu mzima kutoka Mtunda, ndiye aliyefundishwa kupiga, mimi nilikuwa wa kubeba, kusafisha na kupiga domo. Nilimwita kaka.

Ubaya wake tuliujua. Ukijaza sanduku la risasi, ya juu huinamisha kichwa na kugonga ukuta wa mbele badala ya kupanda, maana sanduku lile lilitengenezewa risasi nyembamba. Kaka alikuwa ameshaijulia. Aliweka mbili tu, akavuta bolti, lile komeo la nyuma, mpaka mwisho, akaisukuma kwa mkupuo mmoja. "Ukiibembeleza inakwama," alikuwa akiniambia. Tena alikuwa na sheria yake: risasi haiingii chemba, pale nyuma ya mtutu inapofyatukia, mpaka mnyama aonekane.

Mpunga ulipoanza kuiva, kiboko dume mwenye kidonda shingoni akahamia kwenye mkondo unaopita mashambani. Alipindua mtumbwi wa kina mama wavunaji, na ilikuwa bahati tu hakuua mtu. Ruhusa ikatoka. Asubuhi, jua limeshapanda, tukamfuata kwenye matete.

Alitutokea hatua kumi na tano, hivi. Kaka akavuta bolti, akasukuma. Risasi ikapanda vizuri, nikaiona kwa macho yangu, ikaingia, ikagota. Bolti ikakataa kulala. Akaipiga kwa kiganja, wapi! "Funga, kaka! Funga!" nikapiga kelele, kisha nikakimbia. Kiboko akampitia juu kuelekea majini, akamvunja mguu chini ya goti.

Watu waliponiuliza, nikasema mikono ya kaka ilitetemeka. Nilisema kwa hasira, maana nilikuwa na aibu ya kukimbia, na hakuna aliyeniona nikikimbia. Mdomo wangu hauna breki. Siku chache tu maneno yakafika mpaka Mahege: mzee yule kwisha habari yake, aache bunduki akalee wajukuu. Kaka mwenyewe, mguu kwenye plasta, akawaambia viongozi huenda ni kweli, sare waichukue. Mkewe akaacha kwenda kisimani mchana kwa kukwepa vijembe vya wenzake.

Nikapewa barua nipeleke bunduki Kibiti kwa fundi. Njia nzima nilikuwa nikiitukana. Nilipofika nikamshukia fundi: nani aliwatuma kubadilisha mdude huu, mnataka kutuua? Akaipokea bunduki. Alitia sandukuni risasi mbili za mfano, zisizo na baruti, akasukuma bolti. Ya kwanza ikapanda, ikagota palepale. Akaing'oa kwa kuigonga. Ya pili vilevile.

"Sanduku halina kosa," akasema. "Springi nzima. Zinapanda, haziingii."

Akatoa bolti kabisa, akatumbukiza risasi moja kwa vidole. Ikabaki nje kiasi cha ukucha. Akamulika ndani kwa tochi, akachokonoa kwa kijiti cha mwanzi, kikatoka na utando wa kahawia, mgumu kama gundi iliyokauka. Akaunusa, akageuza uso.

"Kijana, hiki ni nini?"

Lahaula! Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Harufu ile kwetu anaijua hata mtoto: sifa, mafuta ya maini ya papa tunayopaka vyombo vya baharini. Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo upande wa Kiongoroni. Kwake kila kitu kilichoguswa na maji ya chumvi kilipakwa sifa. Kabla ya kumfuata kiboko, mafuta ya bunduki yalikuwa yametuishia, ofisini wanasema subirini, chumvi inakula chuma. Nikachovya kitambaa, nikasokomeza mpaka chemba, nikaianika juani siku mbili. Kaka aliuliza mbona inanuka. Nikamjibu, huku kwetu kipi hakinuki samaki?

Fundi alisugua kwa mafuta ya taa mpaka risasi ikaingia yenyewe. Kwenye karatasi akaandika "chemba ilikuwa chafu, imesafishwa." Basi. Nani angeuliza zaidi? Ndani ya boti, nikirudi, niliikunja karatasi ile na kuikunjua, nikijiambia kaka ameshazeeka hata hivyo, yataisha. Nilijichukia kwa kuliwaza lile, lakini nililiwaza.

Nilimkuta uani, mguu juu ya kigoda.

"Kaka, si wewe," nikasema, hata salamu sikutoa. "Ni mimi. Nilipaka sifa kwenye chemba, ikaganda. Angesimama yeyote pale, isingefunga."

Nikasubiri matusi. Niliyataka. Yeye aliitazama mikono yake, akaigeuza juu chini, machozi yakamdondoka bila kuyafuta.

"Mke wangu!" akaita. "Acha hilo jungu, njoo."

Shemeji akaja, unga mpaka kwenye viwiko. Kaka akaninyooshea kidole.

"Rudia," akasema. "Na usishushe sauti, majirani wasikie."

Nikarudia yote, na lile la kukimbia nikaliongeza mwenyewe.