Nywele Zinazomchelewesha Mwanahija

Saa kumi alasiri adhana inaita, na kazi katika ghala la sandarusi, ile gundi ngumu ya miti inayouzwa ng'ambo, hapa Bagamoyo imekwisha. Mwanahija binti Kibwana anaweka ungo chini, anajifuta vumbi usoni, kisha anajipanga mstarini.

Haendi nyumbani bado. Hakuna mwanamke anayetoka kabla ya kupekuliwa, asije akaficha kipande cha sandarusi mwilini. Bi Mgeni, mpekuzi, huwaingiza chumba cha nyuma, akakung'uta nguo, akafumua misuko ya nywele mmoja mmoja.

Walionyoa hupita kwanza, maana hawachukui muda. Wa kwanza leo, kama jana, ni Tabia.

"Mtazame anavyotembea," anasema Mwanahija. "Utadhani bibi harusi!"

Tabia ni mke mwenzake. Alinyolewa alipougua homa, akaona faida yake, akaendelea kunyoa. Wanaishi nyumba moja, kila mmoja na jiko lake, na mume wao, Mwinjuma, huenda kwa zamu. Leo na kesho ni zamu ya Mwanahija.

"Zamu gani? Nikifika, mume ameshashibishwa na mwenzangu. Wivu ninao, wala sifichi. Unanila roho."

Ujira wao ni pesa sita za shaba kwa siku, tangu macheo hadi alasiri. Kusimama huku, mara nyingi hadi karibu na magharibi, hakulipwi kitu. Msimamizi, Bwanausi, haoni kosa.

"Kusimama si kazi," anasema.

Mwanahija amemsikia. "Kama si kazi, nifungulie mlango niende zangu! Na kama nasimama kwa ajili ya mali ya tajiri mwenye ghala, basi tajiri anilipe."

Wanawake wanacheka. Bwanausi anatazama pembeni.

Mashoga zake wa ghalani humshauri anyoe. Hataki kusikia, kwani Mwinjuma huzipaka nywele hizo mafuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikinyoa, nitakuwa mimi ndiye ninayemlipa tajiri, kwa nywele zangu. Tena nipoteze na hilo, ambalo Tabia hana?"

Anafika nyumbani jua likizama, nywele timtim. Mwinjuma ananawa mikono mlangoni kwa Tabia.

"Umechelewa tena, mke wangu," anasema kwa upole. Tabia anakusanya sahani, hana haraka.

Mwanahija anaketi, anaanza kujisuka upya. Kesho, anasema, ataweka ungo chini kabla ya adhana, apekuliwe ndani ya saa za tajiri. Wenzake kumi na mmoja wameahidi kumfuata.

Je, Tabia naye?

"Huyo mwacheni na kipara chake," anasema, akikaza msuko. "Kesho moshi wa kwanza utatoka jikoni kwangu."