Upande wa Panga la Mkiani

Walinikalisha juu ya kreti tupu ndani ya hema. Kutoka pale niliiona helikopta kuanzia puani hadi kwenye mlango wa abiria, kisha turubai ikanizibia. Mkia, ambao ndio ulionitoa mjini kwa baiskeli hadi Kwihara, ulikuwa nyuma ya turubai.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda na milango ya mninga, na kwa miaka sita nilikuwa nachonga helikopta moja ya jeshi kwa mabaki ya mbao hizo, sentimita moja ya mti kwa sentimita ishirini za chuma. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa picha za kwenye simu, nikihesabu ribiti, zile pini za kushikia mabati, na kulinganisha vivuli. Jambo moja lilinishinda. Baadhi ya helikopta za aina hii hubeba lile panga dogo linalozunguka mkiani upande wa kulia, nyingine kushoto, na picha yangu bora haikuwa na maandishi ya kunionyesha kama kuna mtu aliyeigeuza, kulia ikawa kushoto. Nikachagua kulia, nikatia gundi.

Niliposikia moja imetua Kwihara ikisubiri kipuri, nilichukua daftari na penseli. Ningeweza kwenda moja kwa moja mkiani. Lakini nina utaratibu wangu, huanzia puani. Nilikuwa nimefika kwenye dirisha la rubani, nikipima kwa penseli niliyoinyoosha mbele ya jicho, mkono wa askari uliponishika bega.

Luteni wao alikuwa kijana, mpole, na lafudhi yake haikuwa ya kwetu. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Akasema asipopatikana mtu wa kunidhamini kabla ya saa kumi, gari litanipeleka kwa wakubwa wake, na huko yeye hajui nitakaa siku ngapi. Mke wangu alikuwa msibani Kaliua. Nikampigia jirani yangu, fundi cherehani.

Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Utani wetu ni wa tangu wazee wetu walipopokezana njia ya mizigo kwenda pwani. Siku tunamzika baba yangu, jirani huyu alilala mbele ya jeneza akakataa kuondoka mpaka tumbembeleze.

Alipoingia hemani hakunitazama.

"Afande, afadhali mmemkamata. Mtaa mzima tulikuwa tunangoja."

Nilicheka. Luteni alichukua kalamu.

"Amefanya hivi tangu lini?"

"Miaka sita. Hana kazi nyingine. Mnyamwezi ukimwona kanyamaza, ujue anahesabu mzigo wa mtu."

Nilimkonyeza, akadhani namchochea. Alipoona kalamu bado inaandika ndipo uso ulipombadilika. Akaanza kueleza habari za watani. Luteni akamuuliza lipi hasa lilikuwa utani: miaka sita, au kuhesabu? Yote mawili yalikuwa kweli. Jirani akaletewa kreti yake.

"Mnyamwezi," alininong'oneza, "leo umenibebesha."

Kilichobaki ni kuomba waione kazi yenyewe, nikampa askari mmoja ufunguo wa karakana. Saa tisa na nusu askari alirudi na pikipiki, helikopta yangu ikiwa imefungwa kwenye aproni. Luteni akamwita fundi wa ile ya kweli, mtu mzima wa rika langu, kucha zimejaa grisi. Aliigeuza polepole. Akapitisha kidole juu ya ribiti nilizozichoma kwa sindano, moja baada ya nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kuitazama hivyo, na kwa muda nilisahau saa.

"Panga la mkiani kaliweka upande usio wake," alimwambia luteni. "Mwizi wa siri hawezi kukosea kitu ambacho kila mchunga ng'ombe hapa nje anakiona."

Luteni akanigeukia. "Umekosea?"

Mkia sikuwa nimeuona. Nami sisemi jambo ambalo sijalipima. Nikaikodolea macho turubai mpaka jirani akanikanyaga kidole cha mguu.

"Nimekosea, afande."

Nikatia saini kwamba sitakaribia tena chombo cha jeshi. Daftari likabaki kwao. Askari akatutoa kwa nyuma ya hema, akaniamuru niangalie barabara, nami nikaiangalia. Njiani nilimuuliza jirani kama ameuona mkia. Alisema alikuwa akiangalia miguu yake. Wachunga ng'ombe wawili niliowauliza baadaye, kila mmoja alinitajia upande wake.

Helikopta yangu iko kwenye rafu ya karakana. Nimechora mstari wa penseli mahali pa kukata mkia, lakini sijakata. Huenda fundi yule alisema kweli. Huenda pia alimwona mtu wa rika lake amekaa kwenye kreti, akatafuta neno la kumtoa.

Jirani sasa ananisalimu vizuri sana. Wiki iliyopita nilipita dukani kwake nikamwambia Wazaramo wanashona suruali za mguu mmoja. Akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, akaniuliza watoto hawajambo.