Bonge la Makaa Lenye Chokaa

Makaa ya mawe hayanuki kama makaa ya miti. Ya miti yananukia jikoni na chakula kinachosubiriwa. Ya mawe yanakuuma puani kwanza, kama kiberiti kilichowashwa karibu mno na uso, kisha yanaacha harufu nzito ya lami ambayo haitoki kwenye nguo hata ukizifua mara mbili. Nililelewa ndani ya harufu hiyo, Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako kila uchochoro una fundi wake: huyu wa injini, yule wa viti vya magari, na mwisho wa uchochoro wetu babu yangu mzaa mama, mhunzi wa springi za malori. Wahunzi wenzake walitumia makaa ya miti yaliyoshuka kutoka milimani. Babu aliyadharau. Alitaka makaa ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kutoka mgodi uleule aliouchimba chini ya ardhi ujana wake wote. Yaliletwa kwa boti ya mizigo, ndani ya magunia, kila Alhamisi.

Mgodini Babu alipata tabia ambayo hakuiacha hadi mwisho wa maisha yake: aligonga kila kitu. Kule chini, kabla ya kuanza kazi, mchimbaji huinua fimbo ndefu yenye ncha ya chuma na kugonga mwamba ulio juu ya kichwa chake. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliojitenga hulia kama ngoma, na hapo mtu haulizi mara ya pili, anaondoka. Kazi hiyo waliiita kuuliza dari. Juu ya ardhi Babu aliendelea kuuliza. Aligonga milango, vyungu, matikiti sokoni, na kichwa changu niliposoma vibaya. Fimbo yenyewe alikuwa ameiacha ng'ambo, mikononi mwa mjomba wangu Ramadhani, pamoja na nafasi yake ya kazi, kwa sababu huo ndio uliokuwa utaratibu wa pale: baba akiacha shimo, mtoto wake wa kiume huingia. Pamoja na kazi hiyo kulikuwa na nyumba ya matofali, shule na zahanati, na Babu aliona kwamba alikuwa amemrithisha mwanawe kitu kisichokwisha.

Mjomba hakuona hivyo. Mara mbili aliandika kuomba aje Bujumbura wafue chuma pamoja. Babu hakujua kuandika, kwa hiyo majibu yalipita mkononi mwangu, mimi mwenye miaka kumi na mwandiko ulionyooka. Yeye alisema, mimi niliandika kwenye karatasi ya daftari: salamu kwa mmoja mmoja, habari za mvua, nani ameoa, nani amejifungua. Kila barua ilikwisha kwa maneno yaleyale: "Linda kazi yako. Mgodi hauwezi kufa." Niliyaandika mara nyingi hata mkono wangu ukayajua wenyewe, kama unavyojua kuandika jina langu.

Masika yale magunia yalianza kubadilika. Mimi ndiye niliyeona mapema, kwa sababu nilipenda kumwaga gunia kwenye turubai na kupanga mabonge kwa safu: yanayong'aa huku, yaliyofifia kule, mawe matupu pembeni. Safu ya mawe ilirefuka. Mabonge yakawa madogo, mengine yakiwa na unyevu na harufu ya tope. Kisha Alhamisi moja boti haikuja, na Alhamisi iliyofuata ikaja na nusu ya mzigo. Babu alimsubiri Sudi, mwenye boti, mbele ya kiwanda chake cha uhunzi na bonge mkononi.

"We Sudi, hii ni makaa ao ni mawe ya kujengea musingi?"

"Muzee, mi ni mutu wa boti. Mu shimo siingii."

"Zamani uliniletea makaa inawaka kama jua!"

"Zamani hata we ulikuwa na meno," alisema Sudi, na uchochoro mzima ukacheka, Babu pia, akionyesha pengo. Lakini Sudi alipoondoka, nilimwona akigonga lile bonge kwa kidole, akilisikiliza, akilirudisha chini taratibu.

Wiki chache baadaye, nikipanga safu zangu, nilikuta bonge kubwa kuliko mengine. Pande zake zilikuwa nyeusi isipokuwa moja, ambayo ilikuwa nyeupe na laini, na juu ya weupe huo palikuwa na alama nyekundu: mstari uliosimama na mwanzo wa mkunjo, kama tarakimu iliyokatwa katikati. Nikadhani mtu amechezea rangi. Nikampelekea Babu nikicheka. Hakucheka. Alilipeleka mlangoni kwenye mwanga, akalamba kidole, akapitisha kwenye weupe, akaonja.

"Chokaa," alisema. "Wanakula nguzo."

Akanieleza kwa vijiti vilivyolala sakafuni. Ukichimba makaa chini ya ardhi huyachukui yote. Unaacha mapande makubwa yamesimama kama nguzo za msikiti, nayo ndiyo yanayoshika dari. Pembe zake hupakwa chokaa na kuandikwa namba nyekundu, ili mtu aliye gizani na taa yake ndogo ajue njia ya kutokea. Nguzo hazichimbwi. Zinachimbwa tu siku mgodi umezeeka na hauna kitu kingine cha kutoa. Hapo wachimbaji huanza kutoka ndani kabisa na kurudi nyuma, wakiikata nguzo moja baada ya nyingine, dari ikishuka nyuma ya migongo yao. "Na iyo kazi," alisema Babu, "wanapatiaka wanaume wenye nguvu." Mjomba Ramadhani alikuwa na nguvu kuliko wote niliowajua.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilichohitaji kuelezwa, na hakuna aliyenieleza, ni kwa nini Babu alikaa siku nne nzima bila kusema lolote kwa Mama, akigonga fuawe isiyo na chuma juu yake. Leo najua. Kumwita mwanawe kulimaanisha kukiri kwamba ndiye aliyemzuia pale.

Ijumaa baada ya sala aliniita kiwandani. "Bibi yangu," alisema, kwa utani ule wa mababu wa kwetu wanaowaita wajukuu wake zao, "leta karatasi." Nikaandika. Salamu, mvua, Mama amejifungua mtoto wa kiume, springi ni nyingi na nyundo ya pili haina mtu wa kuishika. Kisha akanyamaza, nami nikamaliza. Akaniambia nisome. Nilisoma kwa sauti ya darasani mpaka mwisho, na mwisho ukawa ule ninaoujua: "Linda kazi yako. Mgodi hauwezi kufa."

Babu akainua mkono. "Iyo ya mwisho, nani amesema?"

"Si ni we, Babu? Kila siku unasemaka."

"Leo sikusema."

Kweli hakusema. Mkono wangu ulikuwa umeandika peke yake. Nikachukua kifutio. "Nifute?"

"Apana kufuta. Ataona pale tulifuta, atauliza ni nini. Andika ingine, yote, na iyo isikuwemo."

Nilinung'unika, kwa sababu karatasi ilikuwa imejaa pande mbili na vidole viliniuma. Alingoja hadi nikamaliza ya pili, akanifanya nisome tena, akaikunja. Ile ya kwanza aliitia kwenye tanuri. Bonge la chokaa alilifunga pamoja na barua ndani ya kitambaa cha zamani cha Mama, na Jumamosi tukampelekea Sudi bandarini.

"Muzee, tumekosana?" Sudi aliuliza akilipima mkononi. "Mutu anarudishaka muzigo akiwa amekasirika."

"Mupatie Ramadhani. Mkononi mwake. Usimupatie mutu mwingine."

Boti ilirudi mara ya kwanza bila jibu. Mara ya pili ilirudi na magunia mawili na bado bila jibu, na Sudi akaapa kwamba alimpa mwenyewe, mkononi. Mama aliacha kula chakula cha mchana. Babu alifanya kazi kuliko kawaida. Nilizihesabu springi zilizoegemezwa ukutani zikafika dirishani. Mara ya tatu boti haikuleta makaa kabisa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikiwa na turubai tupu nilipoona fimbo ndefu ikija uchochoroni juu ya vichwa vya watu, na chini ya fimbo, mjomba wangu na furushi la nguo. Nikapiga kelele. Ndani, Babu alikuwa na chuma chekundu kwenye koleo. Aligeuza uso mara moja, akaona fimbo, akaona mwenye fimbo.

"Shika iyo upande," alisema. "Kinapoa."

Mjomba akaegemeza fimbo ukutani, akachukua nyundo, na wakafua springi ile hadi mwisho kabla hawajasalimiana.

Kabla ya kiangazi kwisha, Sudi alileta habari kwamba sehemu ile ya nguzo ilishuka, maji yakapanda, pampu zikang'olewa na kuuzwa. Hapakuwa tena na makaa ya ng'ambo. Babu alitumia ya miti miaka iliyombakia na hakulalamika hata siku moja.

Siku hizi mjomba ni mzee, na fimbo ameikata fupi. Wajenzi wa majumba ya mtaa wa Kiriri, mlimani, humwita aigonge sakafu wanapomaliza kuweka vigae, kwani akisema hiki ni kitupu chini, ni kitupu kweli. Mwezi uliopita nilimfuata kwenye nyumba moja mpya, ziwa likionekana lote dirishani na milima ya Kongo nyuma yake, na nikamuuliza jambo ambalo nilidhani najua jibu lake: alipoliona bonge, aliogopa?

"Bonge?" Alicheka. "Ile bonge mi mwenyewe nilipakia. Namba yake nilikuwa napita nayo kila asubuhi. Mi nilijua kwanza, mbele yenu." Akagonga kigae, akasogea. "Nilisoma barua. Nikageuza karatasi, nikageuza tena. Nikatafuta pale muzee anasemaka nilinde kazi. Haikukuwa. Ndiyo nikafunga nguo."

Leo mwana wa mjomba naye yuko mbali na wanaandikiana kwa simu, maneno yanafika kabla mtu hajayasoma mara mbili, na hakuna upande wa pili wa kugeuza. Nikamwambia kilichotokea Ijumaa ile: kwamba nilikuwa nimeyaandika, kwa mazoea tu.

Fimbo ikasimama hewani. "Ile karatasi ya kwanza iko wapi?"

"Babu aliitia mu moto."

"Ile ilikuwa ya kazi yake ya moto. Ya pili ndiyo ilikuwa yangu," alisema, na akagonga kigae kilichofuata. Kililia kama kengele.