Wiki Ambayo Gaylen Hakupanga Kikosi

Gaylen Rustad alikuwa mtu wa kumaliza. Kwa miaka thelathini na moja alisafisha shule ya msingi ya mji wetu, na hakuna jioni aliyorudi nyumbani akaacha darasa halijapigwa deki. Kanisani ndiye aliyezima taa ya mwisho. Ndiyo maana jambo la Septemba ile lilimkaa kooni.

Pale kanisani kuna ligi ya besiboli ya kubuni, timu nane. Kila mtu huchagua wachezaji wa kweli wa ligi kuu, na wanachokifanya uwanjani humpatia yeye pointi. Kazi ya mwenye timu ni kuamka asubuhi, kuangalia nani anacheza, nani ameumia, nani akae benchi, kisha apange kikosi kwenye simu. Kila wiki timu mbili hupambana. Mwisho wa msimu wanne wa juu huingia mtoano, na bingwa hupewa gongo la mti la kupigia mpira alitundike juu ya mlango wake mpaka theluji iyeyuke. Zawadi ni hiyo tu, na watu huililia mwaka mzima.

Msimu ule Gaylen alikuwa wa saba. Warushaji wake wawili waliumia mabega mwezi wa nane, wapigaji wakapoteza makali, naye akaanza kuichukia ile simu. Wiki ya mwisho kabla ya mtoano alipangiwa Verlyn Moe, muuza matrekta. Kwa Gaylen mechi hiyo haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa na maana kwa Arlys Fosse, mama wa miaka sabini aliyekuwa mpishi wa shule ile ile. Arlys alikuwa wa nne, na Verlyn alikuwa akimpumulia kisogoni. Mechi yake mwenyewe ilikuwa na timu iliyoongoza, na alijua atafungwa. Verlyn naye akifungwa, Arlys angeingia mtoano kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

Jumanne Gaylen na Arlys walikuwa jikoni kanisani, wakimenya matufaha ya karamu ya mavuno.

"Gaylen, vijana wako umewapanga?"

"Nimeshapanga, dada. Wewe menya."

"Mwenzio nimeshapigilia msumari juu ya mlango."

"Msumari kabla ya gongo? Wewe una imani kumshinda mchungaji."

Wakacheka. Gaylen hakuwa amepanga. Alijiambia atapanga akifika nyumbani, akafika, akala, akasinzia kwenye kiti. Alhamisi alikumbuka akiwa juu ya ngazi anabadilisha balbu, akasema jioni. Ijumaa aliishika simu kabisa, lakini kuifungua kungemwonyesha siku nne alizozitupa, basi akairudisha mfukoni.

Jumatatu matokeo yakaja. Verlyn 214, Gaylen 209, na Arlys akakosa mtoano. Warushaji wawili wenye mabega mabovu walikaa kikosini wiki nzima bila pointi hata moja. Na benchi alikuwepo kijana aitwaye Okerlund, ambaye wiki ile aliupiga mpira ukavuka ukuta mara tatu, pointi ambazo zingetosha kumfunga Verlyn.

Gaylen alikaa na simu mapajani. Kilichomrudia si Arlys kwanza, bali Lowell Brekke. Miaka tisa nyuma Lowell aliacha kupanga kikosi mwisho wa msimu, na kwa sababu hiyo Gaylen akakosa mtoano. Baada ya ibada, mbele ya watu wenye vikombe vya kahawa mkononi, Gaylen alimwambia, "Mtu asiyemaliza msimu mimi simpi hata ufagio." Lowell aliweka kikombe chini, akatoka kwenye ligi. Baadaye Gaylen alisikia kwamba wiki ile mke wa Lowell alikuwa amelazwa. Alisikia, na hakwenda kumwomba radhi.

Jioni alikwenda kwa Arlys kwa miguu, mikono mitupu. Msumari aliuona kabla hajabisha hodi. Mpya, unang'aa.

"Arlys, sikupanga."

"Najua."

"Nilikudanganya pale jikoni."

"Najua, Gaylen. Kikosi cha mtu kila mtu anakiona kwenye simu. Nilikuwa nakifungua kila asubuhi na kahawa yangu."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Nikuambie nini? Ulishaniambia umepanga."

Gaylen alitazama viatu vyake. Arlys akamwacha avitazame, kisha akasema, "Nilikusamehe nilipokuona unakuja kwa miguu. Lakini wiki hii walioukosa mtoano wanacheza wenyewe kwa wenyewe, na wewe umepangiwa mimi. Panga. Nataka nikupige ukiwa macho."

Akapanga. Kila alfajiri, baada ya sala na kabla ya kuvaa soksi, alisoma majina yote, akawatoa majeruhi, akamweka Okerlund mbele. Alimwomba Mungu Arlys ashinde, halafu akaona hata ombi hilo ni la kujitafutia nafuu, akaliacha.

Alimfunga Arlys kwa pointi sitini na mbili.

Arlys alimtumia ujumbe wa maneno matatu: "Kumbe vijana walikuwepo."

Gaylen aliusoma mara nyingi. Hakuna kosa alilowahi kuambiwa kwa upole kama ule, na hakuna lililomuuma hivyo.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Lowell alikuwa peke yake ukumbini akikunja meza. Gaylen alimwendea.

"Lowell, yale maneno ya ufagio. Nilikukosea."

Lowell hakuinua kichwa. "Miaka tisa, mzee. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu nimefanya yale yale. Na mimi sikuwa na mgonjwa nyumbani."

"Nimesikia. Arlys."

"Arlys."

Lowell alifunga mguu mmoja wa meza, halafu wa pili. "Umemaliza wa ngapi?"

"Wa saba."

"Kati ya wanane."

"Kati ya wanane."

Hakucheka, wala hakutoa mkono. Aliitazama ile meza ndefu, kisha akasema, "Shika upande ule."

Gaylen akashika. Wakaibeba mpaka stoo, wakarudi kuchukua nyingine. Zilikuwa kumi na moja, na Gaylen hakuondoka mpaka ya mwisho.