Nywele za Shemeji na Mashine ya Upepo

Mimi shimoni siingii tena. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu yote niliyojifunza kuhusu mashine ya upepo nilijifunza nikiwa na hofu ya kurudishwa chini. Shimo liliniangukia nikiwa ndani, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa magharibi. Nilifukuliwa jioni, mbavu zimevunjika, mdomo umejaa udongo. Mwenzangu aliyekuwa mbele yangu alitolewa kesho yake akiwa maiti. Watu wakasema ni mvua. Haikuwa mvua. Magogo ya kuzuia ukuta yalikuwa yameng'olewa, na aliyeyang'oa ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa shimo. Jina lake silitaji kwa sababu watoto wake wanalibeba na hao hawajanikosea. Lakini ni yeye. Nilipotoka hospitali nilienda kumsalimia kwake hapa Eldoret, nikakuta amejenga jiko jipya la nje, na nguzo ya mlango ina alama mbili za panga langu. Kila gogo ninalokata huwa naliwekea alama hizo. Nilikunywa chai, nikanyamaza.

Utauliza kwa nini nilifanya kazi naye tena. Mke wangu alilia, hilo la kwanza. La pili, shule niliacha darasa la nne, na kazi ninayoijua ni ya udongo. Halafu siku moja shemeji akaja kwangu na kitu kwenye mkokoteni, kimefunikwa gunia.

"Shem," akasema, "hii haina shimo. Unasimama juu kama mtu, unazungusha mkono, upepo unafanya kazi."

Ilikuwa kama sanduku la mbao lenye miguu, juu lina chekeche. Unamwaga mchanga kwenye chekeche, mawe yanateleza upande wa pili, mchanga laini unaanguka kwenye trei ya kitambaa iliyolala mshazari, yenye vijiti vilivyopigiliwa kukingama. Chini ya trei kuna mvukuto kama wa mhunzi. Ukizungusha mpini, mvukuto unapuliza kupitia kitambaa, mchanga mwepesi unaruka na kuteremka, na kilicho kizito kinabaki nyuma ya vijiti. Dhahabu ni nzito. Ni kama mama anavyopepeta maharagwe, ila hapa unachotaka ni kile kidogo kinachong'ang'ania ungo.

Tulikubaliana hivi. Mchanga tungeutoa bondeni, kule kukavu kaskazini ambako maji ya kuoshea hakuna, uje na lori linaloleta makaa, tuujaribu nyuma ya nyumba yangu. Ukitoa dhahabu, tunahamia huko na mashine. Usipotoa, mimi narudi shimoni kwake, maana alikuwa na upungufu wa watu wa kushuka na mke wangu alikuwa amechoka kulisha mume wa kukaa. Niliitikia. Kabla lori halijaondoka bondeni, nilichota mchanga kidogo kwenye karai, nikauosha kwa maji yangu ya kunywa. Nikaona njano. Kidogo, lakini njano. Shemeji sikumwambia. Mtu aliyekung'olea gogo huwezi kumwambia kila kitu.

Shida ya kwanza ilikuwa unyevu. Mashine hii haitaki unyevu hata kidogo, na Eldoret mvua hainyeshi kwa ruhusa ya mtu. Mchanga ukiwa na maji unashikana, unabeba dhahabu unaenda nayo. Basi nikafanya vile tunavyofanya mahindi. Nikatandaza turubai, nikauanika, nikaugeuza kwa miguu. Kuujaribu nikatia konzi moja ya mchanga kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, nikatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado. Ikianguka yote, tayari.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Shem, unataka kuupeleka kwa bodi ya nafaka?"

Jirani yangu, mama mmoja mwenye macho ya kuvuka ua, naye akaja. "Baba, hiyo mashine ni ya maharagwe?"

"Ni ya chakula cha kuku," nikamwambia. Sikutaka mtaa ujue.

"Sawa. Basi nipepetee haya." Alikuwa amekuja na debe kabisa. Tukampepetea, tutafanyaje. Akaondoka akitusifu, na kwa muda mrefu pale mtaani mimi nilikuwa fundi wa maharagwe.

Kuzungusha nako kuna adabu yake. Ukienda mbio, upepo unafagia mpaka kizito. Ukienda polepole, trei inajaa inakuwa kaburi. Shemeji alinifundisha vizuri, hilo sitamnyima. Alichukua risasi ya kusawazishia gurudumu kutoka kwa fundi wa pancha, akaikatakata vipande vidogo kama punje za mtama, akavichanganya na mchanga. "Zungusha. Risasi ikirudi yote, mkono wako umeiva." Siku za kwanza ilipotea. Baadaye mkono ukazoea, mbavu zikapata njia yake ya kuuma, na vipande vyote vikawa vinarudi, vimelala nyuma ya vijiti kama watoto.

Risasi ilirudi. Dhahabu haikurudi.

Kazi ilikuwa imegawanywa: mimi nazungusha na kula vumbi, yeye anafagia kilichobaki kwenye trei, anakitia kwenye karai, anakitenga kwa vidole. Kila mara alinyanyuka akitikisa kichwa. "Bure, shem. Mchanga huu ni wa kujengea choo."

Sasa mimi nikaanza kumwangalia. Niliona anachuchumaa akinipa mgongo. Nikahama upande, naye akahama. Niliona kila akitia kidole kwenye karai, mkono unapanda kichwani. Anakuna. Mtu akikuna kichwa mara moja anawashwa. Huyu alikuna kama mwenye upele, na upele hakuwa nao. Nywele zake alikuwa ameziacha zikakua, amezipaka mafuta ya mgando mpaka zinang'aa. Jioni hakukubali maji ya kwangu. "Nitaoga kwangu," kila siku. Kwani maji ya kwangu yana nini?

Nilimwambia mke wangu. Akanijibu, "Tangu ule udongo ukuangukie, unaona wezi hata kwenye uji." Nikarudi kwenye mpini. Lakini kunyamaza si kusahau.

Ikatokea baba mkwe akafa, kule Turbo. Mzee alikuwa ameugua muda mrefu. Tukamzika, na kwa desturi yetu watoto wa marehemu hawaguswi na wembe mpaka siku ya kunyoa, ambapo ukoo unakaa pamoja na kila mmoja ananyolewa. Siku hiyo asubuhi jua likatoka kali. Mchanga ulikuwa umekaa kwenye turubai siku zote za matanga, umekauka mpaka unalia. Shemeji hakuweza kuvumilia. "Tupige haraka kabla ya kwenda." Tukapiga. Akafagia, akatenga, akakuna, akakuna. "Bure," akasema. "Wiki ijayo unashuka shimoni, shem. Tuache kudanganyana."

Simu ikalia: watu wamekaa, wembe unangoja, mko wapi? Shemeji akaniomba maji, kwa mara ya kwanza.

"Ya nini?"

"Nioshe kichwa."

"Unaosha nywele zinazoenda kutupwa?"

Akaniangalia. Nikamwangalia. Boda ilikuwa mlangoni tayari, tukapanda wote wawili, mimi nyuma yake, macho yangu kwenye kichwa chake mpaka Turbo.

Mwenye kunyoa alikuwa shangazi wa mke wangu, mama mzee tunayemwita Senge, yaani shangazi kwa lugha ya kwao. Shemeji akasema aachwe, atanyolewa kesho na kinyozi. Senge akamwambia, "Baba yako alikufa kesho?" Akakalishwa. Nywele zikaanguka kwenye ungo, kwa sababu kwetu nywele za mfiwa haziachwi ovyo, zisije zikaokotwa na mwenye roho mbaya. Zinafukiwa.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nikasimama nikasema, "Senge, naomba hizo nywele."

Watu wakapaza sauti. "Mkwe anataka nywele!" "Za mtoto wa marehemu!" "Mchana kweupe!" Mzee mmoja akainua fimbo. Mke wangu alifunika uso kwa leso, nami nikajua nikitoka pale bila kuonyesha sababu, nimetoka mchawi, na mke ataambiwa abaki kwao.

"Sitaki kuondoka nazo," nikasema. "Naziosha hapa. Nipeni karai, maji ya moto na sabuni ya unga. Mnione wote."

Shemeji alisema, "Mwacheni, huyo aligongwa na jiwe kichwani." Wachache walicheka. Senge hakucheka. Akaagiza maji.

Niliosha kama nilivyozoea kuosha mchanga. Mafuta yakaelea, nywele nikazitoa kidogo kidogo, maji nikayazungusha na kuyamwaga pembeni mpaka chini kukabaki utepe mweusi. Ukingoni mwa utepe ule kulikuwa na njano. Senge akainama mpaka pua ikagusa karai.

"Hii ni nini?"

"Ni ile anayosema haiko."

Mama mmoja wa pembeni akapiga kigelegele kisichofaa matanga. "Kijana wetu anaota dhahabu! Mnyoeni tena!"

Shemeji akasimama, kichwa kinang'aa. "Ni vumbi la kazi! Huyu naye yuko kwenye vumbi hilohilo. Mkimnyoa mtaikuta."

Hapo alidhani amenifunga. Nikakaa kwenye kile kiti. "Ninyoeni. Vumbi lote nakula mimi, yeye anakaa upande wa upepo."

Mkwe hanyolewi na shangazi wa mkewe, lakini siku hiyo nilinyolewa. Senge aliziosha nywele zangu kwa mikono yake, kwa karai lilelile, baada ya kulisugua kwa majivu. Maji yalitoka kama ya mto uliofurika. Chini kukabaki uchafu mweusi mtupu. Akauonyesha watu, mmoja baada ya mwingine, kisha akamgeukia shemeji. "Mashine ibaki kwa mkwe. Na kushuka shimoni, hashuki."

"Na magogo?" nikauliza.

Shemeji alikuwa anajipapasa kichwa. Senge alinitazama, akatazama chini, akaanza kukusanya nywele akazifukie. Nadhani alijua. Wote walijua. Ila magogo hayaoshwi kwenye karai.

Sasa naenda bondeni kiangazi, narudi mvua ikianza. Nafundisha wengine, na kabla sijamshikisha mtu mpini ninamtuma kwa kinyozi kwanza. Wananiona mkali. Mmoja aliniuliza, "Mzee, hata mimi huniamini?" Nikamwambia kinyozi yuko pale kona, hajafunga.

Kwa shemeji bado tunaenda, mke wangu hataki ukoo uvunjike. Huwa tunakaribishwa kwenye lile jiko la nje. Chai nainywa. Lakini kiti changu nakiweka karibu na mlango, pale kwenye nguzo yenye alama, na mguu mmoja nauacha nje.