Kiuno Kilichofumuliwa Mara Tatu

Cherehani ya dirishani imefunikwa shuka. Wateja wakichungulia na kumkuta mke wa fundi peke yake akishona vifungo, wanashusha sauti kama watu waliokuta msiba. Hilo linamuudhi kuliko yote. Wakati wa kusema walikuwa wanacheka.

Mumewe walimwita Futi, maana aliweza kumtazama mtu akiingia mlangoni na kumtajia kiuno chake kabla hawajasalimiana. Na alikunywa. Hakuwa mlevi wa kelele. Chupa ilikaa kwenye droo ya nyuzi, akaionja tangu asubuhi kama mwingine anavyoonja chai, na mshono wake haukupinda hata siku moja. Mkewe akigomba, jibu lilikuwa lile lile: "Mama watoto, umewahi kuniokota mtaroni?"

Hakuwahi.

Tumbo la Futi lilipoanza kutoka, jirani yao muuza viatu alifurahi kana kwamba ni lake. "Shemeji, unamlisha nini huyu? Au na mimi nihamie kwako?"

Naye mke, mjinga wa watu, akaona fahari. Akafumua kiuno cha suruali ya mumewe, akaongeza kitambaa. Baada ya mwezi akafumua tena. Mara tatu alifumua, yeye aliyekulia kwenye cherehani, bila kujiuliza kwa nini mashati ya mtu anayenenepa yanapwaya mabegani.

Macho yakawa ya manjano. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Daktari alisema ini limeharibika kwa pombe, tumbo lile ni maji, na pombe aiache leo hii. Futi alirudi dukani akafungua droo. "Madaktari wote wimbo mmoja," alisema.

Mkewe alimwaga chupa. Yeye akanunua nyingine. Mkewe alinuna, alilia, aliita mashemeji, aliongea mpaka koo likakauka. Miezi saba. Mchana mmoja, duka likiwa tupu, alivua futikamba shingoni.

"Simama nikupime."

"Fundi hapimwi."

"Simama, baba watoto."

Alimpima tumbo, kisha mkono juu ya kiwiko. Halafu akafungua daftari la vipimo, ukurasa wa suti ya mumewe ya mwaka juzi, ulioandikwa kwa mkono wa Futi mwenyewe. Futi alimnyang'anya futikamba, akajipima upya. Mara mbili. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi kumi na moja. Mkono ulikuwa umepungua inchi tatu.

Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Sasa mbona hukunionyesha mapema?"

Mkewe aliitazama pasi iliyokuwa mezani, akaisogeza mbali na mkono wake mwenyewe. Kisha akaenda kutafuta teksi.

Futi yuko wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, amevaa suruali ya kamba aliyoshonewa na mkewe. Kila asubuhi muuguzi anampima tumbo kwa futikamba.